Vidole vya Bwana Zein

Mwaka wa themanini na sita nilikuwa fundi katika karakana ya Bwana Zein, mtaa wa Shela, Malindi, na alikuwa amekwisha kunipa onyo la mwisho. Jumamosi moja nilimwita mteja bahili, na bahili alikuwa kweli. Bwana Zein akaniambia, "Gona, heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Ukimtukana mtu tena humu, wende zako Junju ukalime." Huko kwetu Junju mvua ilikuwa imekataa, na nyumbani nilikuwa na mke wangu Kahonzi na watoto wanne. Nikaapa kufunga mdomo.

Mashine yetu ya kupasulia mbao ilikuwa na ugonjwa wa miezi mitatu. Ukiwasha swichi, mota ilinguruma tu; msumeno wake wa mviringo hauzunguki mpaka uusukume kwa kijiti. Ukishapata mwendo, unakwenda wenyewe. Kazungu, fundi wa mota, alisema kapasita, kile kifaa cha kuianzisha mota, imekufa. Bwana Zein alisema kijiti hakijafa. Mkaidi yule, na mimi nilimpenda hivyo hivyo.

Siku moja, baada ya adhuhuri, Bi Jaha alikuwa amekaa kwenye benchi akingoja mbao za kitanda cha bintiye. Bwana Zein akawasha swichi. Hakuna hata mngurumo. Akasukuma kwa kijiti. Msumeno ukazunguka kidogo, ukasimama.

Nikaangalia fyuzi: nzima. Nikaufuata waya kutoka ukutani hadi kwenye mota, sikuona palipokatika.

"Beringi zimekwama," akasema Bwana Zein. Akaondoa kifuniko, akainama, akaanza kuuzungusha msumeno kwa vidole, sikio kalielekeza kwenye mota. Swichi alikuwa ameiacha vile vile, imewashwa. Ilikuwa ukutani nyuma yake, na kati yetu palikuwa na rundo la mbao za mvule.

"Samahani, Bwana Zein," nikasema, "hiyo swichi..."

"Ngoja kwanza, nasikiza."

"Samahani, bwana wangu, lau ungetoa mkono..."

"Gona! N'shakwambia, ulimi wako uweke."

Hapo ndipo niliposikia kimya. Duka la Muhidin, pua na mdomo nasi, lilikuwa na friji ya soda iliyotetemeka kutwa kucha mpaka tukawa hatuisikii tena. Sasa ilikuwa imenyamaza. Basi mashine haikuwa mbovu kuliko jana: stima ilikuwa imepotea mtaa mzima, na ingeweza kurudi wakati wowote. Na Bwana Zein alikuwa akifanya kwa vidole vyake kazi ya kile kijiti.

Niliogopa. Niliwaona watoto wangu wanne, nikaviona vidole vyake vitano. Akausukuma msumeno kwa nguvu, mkono ukabaki pale pale juu ya meno.

"Toa mkono, punda mzee we!"

"Astaghfirullah!" akasema Bi Jaha.

Bwana Zein akainuka. Hakuwa ameelewa lolote. Aliinuka kwa hasira, mkono ule ule kaunyanyua anizabe kofi. Kwa Muhidin friji ikatikisika. Mota ikanguruma, na msumeno, uliokuwa ungali ukizunguka, ukashika kasi ukalia.

Bwana Zein aliutazama msumeno, kisha akautazama mkono wake uliokuwa bado hewani. Akaushusha polepole, akaenda kuizima swichi. Aliikosa mara mbili.

"Umenitukana, Gona."

"Nimekutukana, bwana."

"Mbele ya Bi Jaha."

"Mbele yake." Machozi yalikuwa yananitoka, na sikujua kama nalilia mkono wake au kazi yangu.

Akavikunja vidole kimoja kimoja, akavikunjua. "Nenda kwa Kazungu ukalete hiyo kapasita."

Nilikuwa nimefika mlangoni aliponiita tena.

"Na siku nyingine," akasema, "usianze na samahani."