Ua Uliohama Ubaoni

Mwaka wa 1999 mwalimu Ayub alitufundisha kuzuia ndovu, yeye akiwa Nairobi, sisi wakulima wa Kasigau tukiwa mbele ya kompyuta moja huko Voi. Ubao ulikuwa mmoja, ndani ya kompyuta zilizounganishwa kwa mtandao: akichora kwake, mchoro unaonekana kwetu, na sauti yake inatoka kwenye simu. Akachora mashamba yetu, halafu ua wa waya ambao ungejengwa kufuata mchoro huo. Mahindi yangu yakabaki nje.

Nikashika kile kipanya cha kompyuta kwa mikono miwili, nikatafuta palipochorwa kifutio, nikaufuta ua. Akachora tena. Nikafuta tena.

"Nani anafuta?"

"Ni mimi, nyanyake Shanice."

"Nyanya, niachie ubao nifundishe!"

"Fundisha tu, mwanangu. Mimi nafuta polepole."

Nikachora mstari uliopindapinda kama utumbo wa mbuzi hadi kwenye mahindi yangu.

"Na huo ni nini?"

"Njia ya ndovu. Jumapili walipita hapo, wakala hata maboga."

Ua ukarudi ubaoni, ukajisogeza wenyewe, ukazunguka mahindi yangu. Nikapumua.

Tryphena, jirani yangu, akaninyang'anya kipanya. "Lete hapa! Mimi pia nina kunde."