Wafu wa Benchi la Kushoto

Kila Jumatatu asubuhi, kabla kitabu cha vifo hakijapelekwa Nakuru kwa gari la moshi, Kipketer alichemsha sindano, akawaketisha wagonjwa kwenye benchi la kulia na wafu kwenye benchi la kushoto. Alikuwa dresa, msaidizi wa tiba, katika zahanati ya shamba la maua ya pareto, upande wa Njoro. Wafu hawakuwa wasumbufu. Hawakuomba dawa, na walifika mapema kuliko walio hai. Walitaka tu sababu za vifo vyao zirekebishwe.

Kwa Waafrika kitabu kilikuwa na safu nne: homa, kifua, kuhara, ajali. Asiyekohoa, asiyehara na asiyeangukiwa na mti alikufa kwa homa, apende asipende. Wangu, mchuma pareto, alikufa miguu imevimba hata viatu vya mumewe havimwingii, akaandikwa homa. Bashir, muuza nyama ambaye sisimizi walifuata mkojo wake, naye homa. Huko mjini, ukutani mwa ofisi ya daktari, kulikuwa na karatasi ya mistari. Mstari wa Wazungu waliokufa kwa moyo na presha ulipanda mwaka hadi mwaka. Wa Waafrika ulilala chini kabisa, na daktari aliwaonyesha wageni jinsi watu hawa walivyojaliwa afya.

Mwaka wa 1955 akaja Kimaiyo, baba mkwe wa Kipketer, siku tisa baada ya kuzikwa. Kipketer alisimama kumpokea, maana mkwe ni mkwe hata akiwa marehemu.

"Mimi sikuwa na homa," Kimaiyo akasema. "Kichwa ndiyo iliniua. Kichwa ya hapa nyuma. Halafu mkono ikalala, mdomo ikaenda upande. Baba yangu alikufa hivyo hivyo."

"Pole, baba."

"Andika vizuri. Wanawake wakianza kuita majina yetu, siwezi kuja kwa mtoto na ugonjwa haina jina."

Kwao mtoto akizaliwa, wanawake humwitia majina ya waliotangulia mpaka apige chafya, na jina lililompigisha chafya ndilo lake. Tangu mwaka uliopita wafu wa benchi la kushoto walikuwa wamekataa kuitika, na shambani kulikuwa na watoto watano wasio na jina.

"Na Jeruto iko nayo," Kimaiyo akaongeza. "Angalia vile anafunga kitambaa."

Jeruto, mke wa Kipketer, kwa miezi miwili alikuwa akikaza kitambaa kichwani hadi kikamwachia alama kwenye paji la uso. Kipketer alimpa aspirini na kumwambia ni jua. Sasa aliona haya, kisha akaogopa, na hofu ile haikumtoka tena. Kila akimiminiwa chai alimshika mkewe kifundo cha mkono.

"Unatafuta nini hapo?" Jeruto akauliza.

"Hakuna kitu."

Akampeleka Nakuru. Kitambaa cha kupimia presha kilikuwa mezani, kimekunjwa, mbele ya Jeruto.

"Mwafrika hapana pata hii ugonjwa," daktari akasema. "Hii ya Mzungu na Muhindi. Wewe onyesha mimi mtu moja tu kwa kitabu, halafu mimi tapima bibi yako."

Kipketer hakulala akiwaza jinsi ya kuandika. Jumatatu akaandika pembeni, nje ya safu: Kimaiyo, presha; Wangu, moyo; Bashir, sukari. Wafu walimtazama wakaridhika. Baada ya siku nne kitabu kikarudi. Karani wa mjini alikuwa amekata majina yote matatu kwa wino mwekundu na kuyarudisha kwenye homa. Barua ilisema kwamba akiharibu ukurasa mwingine atatafutwa dresa mwingine, na nyumba ni ya dresa. Kipketer alikuwa na binti wa miaka sita, Chepkurui. Mkono usioweza kuukata, ubusu. Daktari alipokagua kitabu, hakuona hata mtu mmoja, na Jeruto hakupimwa.

Jeruto alikufa Alhamisi, katikati ya mistari ya pareto, kikapu mgongoni. Jumatatu alikuja na kitambaa chake, akaketi karibu na baba yake. Kipketer alitaka kumshika mkono, lakini wagonjwa walikuwa wengi na gari la moshi halingojei mtu. Akafungua kitabu.

"Baba Chepkurui," Jeruto akasema, "andika ile kitu ya kweli."

Kipketer akaandika homa.

"Nisomee."

Jeruto hakujua kusoma. Kipketer akaweka kidole chini ya neno.

"Presha," akasoma.

Jeruto akamshukuru. Akainuka na baba yake, wakatoka wakiongea polepole, na wafu wengine wakawafuata.

Ijumaa kaka yake Jeruto alipata mtoto wa kike. Wanawake waliita jina moja tu, na mtoto akapiga chafya.