Mkono wa Baba Hewani

Hasira zangu ziko karibu, sifichi. Wiki moja baada ya kumzika baba nilikisafisha chumba chake kama mtu anayefukuzwa, na madaftari yake yote ya redio nikayatia kwenye magunia, nikampa mwokota karatasi. Niliyaona makorokoro. Jioni mume wangu akaniuliza, kwa upole wake ule unaoudhi, "Sasa Fundi Saa atajuaje?" Nikakaa chini nikalia, mara ya kwanza tangu msiba.

Fundi Saa alikuwa rafiki wa baba wa hewani. Miaka ishirini na sita, kila Jumamosi saa nne asubuhi, baba alibeba redio yake ndogo mpaka bustani ya umma, akarusha waya juu ya mti, akazungumza naye kwa Morse, ile lugha ya nukta na mistari aliyojifunza akiwa karani wa posta. Nyumbani haikuwezekana, maana mashine ya jirani ya kuchomelea vyuma ilijaza redio kelele. Hawakuwahi kuonana. Herufi za kituo cha Fundi Saa, ambazo ndizo anwani ya mtu hewani, zilikuwa kwenye madaftari yale tu.

Kilichobaki ni kumngoja palepale, saa ileile. Kutuma bila leseni ni kosa, basi mimi mwoka mikate, mwenye umri wa miaka thelathini na tisa, nikaenda kufanya mtihani. Morse nilikuwa nayo tangu utotoni. Baba alinifundisha kwa kijiko, akigonga meza ya jikoni, na chai sikupewa mpaka niseme amegonga nini. Mtahini alinikosoa jambo moja. Herufi A ni nukta na mstari, na mimi mstari ule nauvuta mno, "kama mtu anayeburuta kiti." Nilijua nilikoutoa. Baba alikuwa na kidole kilichowahi kuvunjika, kizito kunyanyuka, nami nikarithi kilema chake, kidole changu kikiwa kizima.

Jumamosi tatu niliita kwa redio ya baba, wakajibu wageni. Ya nne mume wangu alibeba betri bila kulalamika, nikaingiwa na wasiwasi. Akafunga kamba ya kupandishia waya kwenye chupa ya maji, akairusha juu ya tawi, akakosa mara tatu.

"Leo mnaanika nini, mama?" mlinzi wa bustani akauliza.

"Maneno," mume wangu akajibu.

Nikakaa kwenye benchi la saruji. Hapo ndipo nilipokuwa nikimshikia baba penseli nikiwa na miaka kumi na miwili, yeye akinukia sabuni ya kipande na moshi wa kulehemu nyaya za redio. Akicheka na Fundi Saa, alicheka kwa mabega tu, hedifoni masikioni, na wapita njia walimshangaa. Nilimwonea haya wakati ule. Sasa ningetoa chochote nimwone akicheka vile.

"Asipojibu leo, tumwache," mume wangu akasema. "Labda naye hayupo."

"Wewe shika kamba."

Nikaita. Nikaita tena. Mara kikaja kitu cha mbali, cha polepole, nami nikaandika herufi moja moja.

"Umepotea, mzee. Umebadilisha herufi za kituo, lakini mkono wa kugonga ni uleule. Fundi Saa hapa."

Penseli ikanitoka. Kabla sijaiokota, akaendelea. "Kila Jumamosi nipo, ila wiki hizi mawimbi yalikuwa hafifu. Mke wangu anasema umekufa. Nimemwambia wewe una adabu, huwezi kuondoka bila kuaga."

Nisiseme uongo, nilitamani kumjibu kama baba. Ningeweza. Utani wao niliujua, na mkono nilikuwa nao. Duniani angebaki mtu mmoja anayeamini baba yangu yu hai, na kila Jumamosi hata mimi ningeamini kidogo.

Mume wangu hajui Morse, lakini uso wangu anaujua. "Anasemaje?"

"Ananiita mzee. Anadhani ni baba."

Akainama, akaniokotea penseli. "Mwambie, mke wangu. Anangoja bure."

Nikashika kibonyezo. "Samahani, baba mdogo. Mimi ni binti yake. Baba amefariki, miezi minane sasa. Madaftari niliyatupa mimi, ndiyo maana nimechelewa kukuambia."

Redio ikavuma tu. Mlinzi naye, bila kujua kilichotokea, akavua kofia.

Kisha likaja neno moja. "Rudia."

Hasira zikanipanda. Neno kama lile mtu halazimishwi kulisema mara mbili. Lakini nikadhani hakulipata vizuri, basi nikalituma tena kwa haraka, safi, kila A nikiikata fupi kama alivyotaka mtahini.

"Nilisikia tangu mwanzo, binti yangu," Fundi Saa akajibu. "Ila sasa umetuma kama mtu mwingine. Rudia kama ulivyotuma kwanza. Nataka kumsikia."

Mume wangu akaniwekea mkono begani. Nikavuta pumzi, nikarudisha kidole kwenye kibonyezo. Baba amefariki, nikatuma, polepole, na kila A nikaiburuta kama yeye.