Sababu za Fermín

Nélida alianza kumshuku mumewe asubuhi aliyosukuma kikombe cha maziwa mbali naye, kama mtu aliyeona nge ndani yake.

“Mwezi huu wote sili kitu cha mnyama,” Fermín alisema. “Nyama, maziwa, jibini, mayai. Vyote basi.”

Nélida aliweka birika chini polepole. Huyu ni Fermín Altuna, aliyesimamia moto wa kuchomea nyama wa klabu ya mji wa Colonia Sarandí tangu masharubu yake yakiwa meusi. Mwanamume aliyemposa kwa ubavu wa ng'ombe, si kwa maua. Katika mji ule mtu akiacha dini, watu humwombea. Akiacha nyama, huitiwa daktari au polisi.

“Na asali?” akauliza.

“Asali nitakula.”

“Kwani nyuki ni mmea?”

Fermín alikoroga chai chungu ndani ya kibuyu kwa mrija wake, jambo ambalo hata mtoto wa jimbo lao la Entre Ríos anajua halifanywi. Mrija ukishachomekwa huachwa ulipo. Nélida aliutazama mkono ule ukizunguka, ukizunguka.

“Daktari kasema damu imejaa mafuta,” Fermín akaongeza.

“Daktari yupi?”

“Wa hospitali.”

“Wa hospitali! Wewe hata ulipokatwa na shoka ulijishona mwenyewe kwa uzi wa gunia.”

“Sasa nimezeeka, Neli. Mzee haendi hospitali?”

Akavaa kofia, akatoka.

Baba yake Nélida alianza kwa kubadili sabuni. Baadaye akabadili mtindo wa kuchana nywele, na mwisho akabadili nyumba. Mama yake aliicheka ile sabuni, akaicheka mpaka siku aliyokuta kabati liko tupu. Nélida aliapa tangu utoto kwamba yeye hatacheka. Watoto wake wote walikuwa mbali, kila mmoja na mji wake. Pale walibaki wawili, na akiondoka mmoja haibaki nyumba, zinabaki kuta. Kwa hiyo hakucheka. Alijifunga kitambaa kichwani akaenda kwa kaka yake.

Ovidio alikuwa na bucha kwenye kona ya uwanja, na tangu mwaka mpya bucha hilo lilikuwa na nzi wengi kuliko wateja. Siku ya mwaka mpya klabu nzima ilikula nyama yake. Kama desturi, kabla ya kutia chumvi, Fermín aliinama juu ya nyama mbele ya watu wote, akanusa, akaitikia kwa kichwa. Mchomaji akishaitikia kwa kichwa, maneno yamekwisha. Watu wakala, na jua lilipozama nusu ya mji ilikuwa imeinamia ndoo. Hakuna aliyethubutu kuishuku pua ya Fermín. Pua ile haijawahi kukosea, itakosea leo? Basi mwenye makosa ni mwuzaji. Wakasema Ovidio aliipaka nyama siki ili kuua uvundo. Waliomwamkia kwa jina wakaanza kuvuka barabara.

“Dada, na wewe umekuja kununua mchicha?” Ovidio alisema. “Nasikia kwenu siku hizi mnachungwa, hampiki.”

“Amekwambia?”

“Kaniambia ameweka nadhiri kwa Mtakatifu Expedito.”

“Nadhiri? Mimi kaniambia ni damu.”

“Basi damu yake imeokoka.” Ovidio alipiga ukingo wa meza kwa kisu, tako tako, akaimba kwa ile sauti ya puani ya waimbaji wa kujibizana:

“Shemeji kaacha nyama, sasa anakula nyasi,
Ng'ombe wote wamesema, katutia wasiwasi,
Malishoni akihama, hatutapata nafasi,
Dada, mfunge mapema, asikutoroke kasi!”

“Funga mdomo wako,” Nélida alisema. Mshororo wa mwisho ulikuwa umemwingia kama mwiba wa samaki.

“Natania, dada.”

“Hutanii. Wewe ukitania hucheka mwenyewe kwanza.”

Ovidio akaweka kisu chini. “Sawa. Mume wako ana jambo. Tangu siku ile hajanitazama machoni. Mimi nilidhani ananionea haya, kwa kuwa nilimpa nyama mbaya. Lakini nyama yangu ilikuwa nzima, Nélida. Nakuapia kwa kaburi la mama.”

Nélida alirudi nyumbani akiwa na sababu mbili mkononi, na kabla ya juma kwisha alikuwa amepata nyingine. Mke wa mwokaji mikate alimwambia kwamba Fermín amewahutubia wanaume wa klabu juu ya misitu ya kaskazini, jinsi inavyokatwa ili ng'ombe wapate malisho, na dunia inavyochemka kama sufuria. Nélida aliguna. Ujana wake wote Fermín alichoma mkaa kwenye misitu hiyohiyo, na hakuna mti uliowahi kumtoa chozi. Binti yao naye alipiga simu kutoka Rosario, sauti imelainika: “Mama, baba kaniambia anawaonea huruma ndama. Anasema wana macho ya kibinadamu.” Huyo Fermín alihasi ndama mia huku akipiga mbinja.

Mafuta, mtakatifu, misitu, ndama. Kila moja ni sababu njema, na watu wenye akili huko mijini wanaacha nyama kwa moja tu ya hizo. Nélida hakuwa na ugomvi nazo. Alichoshindwa kumeza ni kwamba mumewe alimgawia kila mtu yake, kama mtu anayetupia mbwa mifupa ili apite salama. Mwenye sababu moja huenda ni mkweli. Mwenye nne anaificha ya tano.

Na ya tano, Nélida aliona, ilikuwa na jina. Ilikuwa Zulma.

Zulma Ferreyra alikuwa mjane mwenye bustani ya mboga kando ya kijito. Hakuwa amegusa nyama tangu alipomzika mumewe. Mji ulimwita kichaa, kisha ukanunua nyanya zake. Fermín alianza kwenda kwake kila mchana, saa ile mji mzima umefunga madirisha ukalala. Saa ile wanaotembea ni mijusi na wazinzi. Aliondoka amenyoa, akarudi na fungu la majani chini ya kwapa.

“Zulma hajambo?” Nélida angeuliza.

“Hajambo.”

“Na mboga zake?”

“Zinaota.”

“Naona. Zinaota mpaka kwenye masharubu yako.”

Kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa: mumewe alirudi ananukia rihani, mdomoni na juu ya mdomo, kama mtu aliyelaza uso mahali. Fermín alijifuta haraka kwa kiganja. Kisha akafanya jambo lililomtia Nélida baridi: akakinusa kiganja, akakunja uso, kama hajui kilikuwa na nini.

Usiku ule Nélida aliacha bakuli la maziwa mezani bila kufunika, yagande, yachachuke, yanuke mpaka kuta. Ulikuwa mtego wa hasira tu. Alitaka mume wake agombe, aseme neno lolote la nyumbani. Asubuhi Fermín alikaa mbele ya bakuli lile, akala mkate wake na asali, akasema leo kutakuwa na joto. Nélida alimtazama akiwaza: hata uvundo wa nyumba yake haumsumbui tena. Ameshahama, amebakisha miguu tu.

Mchana alipotoka, Nélida alimpa muda wa kufika kwenye mtambo wa upepo, kisha akamfuata. Jua lilikuwa limekaa kichwani kama tofali. Mbwa walilala chini ya magari hawakumbwekea. Alishuka mpaka kwenye uzio wa Zulma, akapita kwenye mwanya, akajibanza nyuma ya matuta ya nyanya zilizopandishwa kwenye miti.

Aliwaona. Fermín amekaa juu ya kreti, amefungwa macho kwa kitambaa cha kike. Zulma amesimama mbele yake, karibu, magoti yanakaribia kugusana, na mkono wake uko usoni pa mwanamume wa Nélida.

“Taratibu,” Zulma alisema. “Usiharakishe. Vuta.”

Nélida aliokota mti wa kuegemezea nyanya. Alikuwa amekwisha kuchagua ni nani atapigwa kwanza.

“Mnanaa?” Fermín akauliza.

“Hapana.”

“Rihani.”

“Hapana, mzee. Ni kitunguu saumu. Nimekiponda.”

Fermín alivuta pumzi tena, kwa nguvu, mpaka mabega yakapanda. Kisha akaipeleka mikono yake usoni, mikono ile iliyozoea moto, akalia bila sauti, mdomo wazi.

Mti ulimtoka Nélida mkononi. Zulma akageuka, akashtuka, kisha akasema kwa uchovu, “Karibu, Nélida. Nilimwambia utakuja. Nilimwambia akwambie.”

Fermín akang'oa kitambaa. “Neli.”

“Tangu lini?”

“Tangu ile homa ya majira ya baridi yaliyopita. Pua ilifunga, haikufunguka. Mwanzo nilidhani itarudi. Kahawa haina harufu, Neli. Mvua haina. Wewe huna.”

“Na nyama?”

“Nyama nikiitia mdomoni ni kama natafuna mkanda.” Alikunja kile kitambaa. “Lakini si hilo. Kabichi likioza nitaliona kwa macho. Yai, maziwa, nyama, hivyo huanza kuoza kwa pua. Jicho linapokuja kujua, umeshakula. Nilikunywa maziwa mabovu mara mbili hapo nyumbani, hukujua. Asali haiozi, ndiyo maana. Zulma kasema pua hufundishwa upya, majani makali, kila siku. Nikaomba mwezi mmoja tu, watu wasiniite motoni.”

Nélida alianza kumsogelea, kisha akasimama. Alikumbuka nyama juu ya meza ya klabu, watu wametulia, kichwa kile kikiinama, kikikubali.

“Siku ya mwaka mpya,” alisema.

Fermín hakuinua macho. “Nyama ililala kwenye friji ya klabu, na umeme ulikatika. Nilijua ulikatika. Nikainama, sikunusa kitu. Nikajiambia kisicho na harufu hakijaoza.”

“Ukaitikia kwa kichwa.”

“Watu wote walikuwa wananitazama, Neli.”

“Na kaka yangu wakimtazama, wewe ulitazama wapi?” Sauti yake ilipanda mpaka kuku wa Zulma wakatawanyika. “Afadhali ningekukuta na mwanamke! Ningekupiga huu mti, nikalia mwaka, nikapona. Mwanamke angevunja nyumba yangu. Wewe umevunja jina la mtu, ukakaa kando unatafuna karoti!”

“Nilikuwa natafuta namna.”

“Ulipata namna nne! Damu, mtakatifu, misitu, ndama! Na huyu ukampa ukweli. Kwa nini yeye? Kwa nini si mimi?”

Fermín alimtazama hatimaye. “Kwa sababu Zulma hali chakula changu,” alisema. “Kwake mimi si mchomaji. Kwako sijui ningekuwa nani.”

Nélida alimkamata mumewe mkono wa shati akamkokota kupanda kilima, juani, saa ya usingizi, mbele ya madirisha yaliyoanza kufunguka ufa mmoja mmoja.

Ovidio alifungua mlango wa bucha akiwa amevaa fulana tu. Alisikiliza yote amesimama. Fermín alipomaliza, Ovidio alicheka kicheko kifupi kibaya.

“Hiyo sasa ni sababu ya ngapi, shemeji? Kesho utaniambia umepoteza na masikio.”

“Ni kweli, Ovidio.”

“Kweli! Subiri.”

Alikwenda nyuma, akarudi amebeba ndoo ya utumbo aliokosa wa kumwuzia, uliokaa siku nyingi ukingoja kuzikwa. Alipotoa kifuniko Nélida alirudi mpaka barabarani amejiziba kwa aproni. Fermín hakurudi. Aliinama juu ya ile ndoo, karibu kabisa, kwa adabu, kama mtu anayeinamia mtoto mchanga, akavuta pumzi. Akaingoja harufu. Akavuta tena.

“Ni nini?” akauliza. “Matumbo?”

Ovidio alifunika ndoo taratibu. Hasira ilikuwa bado usoni mwake lakini haikujua ikae wapi. Akakalia kigogo cha kukatia nyama.

“Shemeji,” alisema, “utayasema haya kwa watu.”

“Jumapili, klabuni.”

“Jumapili ni ya wenye wateja. Sasa hivi. Pale mlangoni.”

Fermín alisimama kizingitini. Mji ulikuwa unaamka. Mke wa mwokaji mikate alikuwa wa kwanza kutoka, anavuka barabara kama alivyozoea, kwenda upande wa pili, mbali na bucha. Fermín alimwita kwa jina. Alimwambia kwa sauti ya kusikika mpaka kanisani kwamba nyama ya Ovidio ilikuwa nzima, kwamba aliyewalisha uozo ni yeye Fermín Altuna, kwa kuwa hana pua na alificha. Mwanamke akasimama, mdomo wazi. Wengine wakasogea. Akarudia. Mtu mmoja alitema mate chini, mwingine akasema, “Nilikuwa najua,” naye hakuwa anajua. Fermín alirudia mara nyingi kadiri walivyokuja, uso umemwiva kama aliyesimama motoni.

Nélida alimsikiliza mpaka mwisho, anangoja aongeze mtakatifu, au msitu. Hakuongeza.

Jioni waliporudi Zulma alikuwa amewatangulia, amekaa kwenye ngazi yao na kikapu cha majani.

“Niende?” Zulma akauliza.

“Ingia,” Nélida alisema. “Kama ni kunusishwa, atanusishwa mezani kwangu.” Akamgeukia mumewe. “Kaa.”

“Macho wazi nitaotea kwa kuona, Neli.”

“Nani kasema macho wazi?”

Akavua kitambaa chake cha kichwani, akamfunga nacho yeye mwenyewe, akakaza fundo mpaka Fermín akagumia, kisha akachagua jani kikapuni, akaliponda, akamwekea chini ya pua.