Tisa juu ya Kumi

Firimbi ya mapumziko ya kiwanda ilipolia, Clotilde hakunawa hata mikono. Aliacha kisu ndani ya samaki wa makobo aliyempasua nusu, akatoka mbio, magamba yamemganda mpaka kwenye kope. Dakika thelathini. Nane za kwenda kwa Mama Eness, anayemlelea mtoto nyuma ya soko, nane za kurudi, zinazobaki ni za titi. Mtoto ana miezi minne, na bei ya maziwa ya kopo hapa Nchelenge si ya watu wa kambi ya wakimbizi ya Mantapala.

Siku hiyo alizuiwa mlangoni. Bibi mmoja kutoka mjini, Matildah, mwenye tableti na sauti ya pole, alikuwa anapima namna wafanyakazi wanavyosikia mapumziko ndani ya moyo. Aliuliza kwa Kiingereza. Msimamizi, Kingsley, ndiye aliyegeuza maneno kwa Kiswahili.

"Anauliza: saa ya kupumuzika, akili yako inatoka ku kazi?"

"Inatoka. Tunashukuru."

"Unarudia na nguvu? Sifuri mpaka kumi."

Clotilde aliangalia barabara. Kwao Pweto, Kongo, mama yake alimfundisha kwamba mgeni hatwishwi mizigo ya nyumba. Mgeni anapewa shukrani. Tangu kambi ya mapokezi ya Kenani alishajibu karatasi nyingi, zote kwa neno hilo moja.

"Tunashukuru, mama."

"Anataka namba. Niseme kumi?" Kingsley hakungoja. "Kumi. Huyu hajue kulalamika."

"Miye weka kumi na mbili," Marthe wa meza yake alisema kutoka nyuma. "Nililala mpaka nikaota bwana mupya."

Wakacheka wote, hata Matildah, kabla ya kutafsiriwa. Maswali yalikuwa ishirini na mawili. Hakuna hata moja lililouliza alikuwa anakimbilia wapi. La mwisho lilipokwisha, akawekeshwa alama ya kidole kwenye tableti, na firimbi ya kurudi kazini ikalia.

Wiki tatu zikapita, karatasi ikabandikwa ukutani. Kingsley aliwasomea: meza ya makobo imepata tisa juu ya kumi. Wanapumzika vizuri kuliko kiwanda chote, kwa hiyo dakika kumi na tano zinawatosha.

"Shefu," Clotilde alisema, "dakika kumi na tano haifike kwa mutoto."

"Mutoto gani? Hapa umeandikwa kumi. Kidole ni cha nani?"

"Nilishukuru tu. Alikuwa mugeni."

"Basi shukuru tena."

Safari hii Marthe hakucheka.

Firimbi ya mapumziko ililia. Clotilde alikwenda nyuma ya mifuko ya chumvi, akafungua blauzi, akajikamua maziwa chini, kwenye maji ya matumbo ya samaki, kwa maana titi likijaa hivyo mkono hauwezi kuinua kisu. Paka wa kiwanda, mnene, akaja akanusa, akaanza kulamba. Alilamba polepole. Firimbi ya kurudi ilipolia, alikuwa bado analamba.