Kumi Iliyoizidi Kumi na Mbili

Mke wa mwanangu, fundi cherehani, alikuwa ameshashika kalamu. Alitaka laki kumi na mbili anunue mashine ya kudarizi, na mdhamini ni mimi. Akishindwa kulipa, hisa zangu za miaka kumi na tisa katika chama hiki cha akiba na mikopo zinakwenda na maji.

"Riba yetu asilimia kumi tu kwa mwaka, mama mkubwa," akasema afisa mikopo. Ni mtoto wa mdogo wangu. Nimemfulia nepi kabla hajajua kufunga tai. "Wale wa chama cha ng'ambo ya barabara, kumi na mbili. Hata darasa la saba lako linatosha kujua ipi kubwa."

Mkwe akacheka. Nikacheka naye, huku natafuta maharage kwenye pochi. Asubuhi nilishapita kule ng'ambo, nikamuuliza karani maswali ya kijinga mpaka akanieleza yote.

Nikapanga punje kumi na mbili juu ya makaratasi yake. Kila punje laki moja. Nikamwambia mkwe kwamba kule, kila mwezi, analipa riba ya elfu moja kwa kila punje aliyobaki nayo. Anaanza na elfu kumi na mbili, anarudisha punje moja, inakuwa kumi na moja, hivyo hivyo hadi moja. Jumla elfu sabini na nane.

Hapa je? Nikajibu mimi: laki na elfu ishirini, kwa sababu hapa wanakuhesabia punje zote mwaka mzima, hata ulizokwisha kurudisha.

"Ndio utaratibu, mama mkubwa. Sikuupanga mimi."

Hapo damu ikanichemka. Angesema hajui, ningemsamehe.

"Na mkopo wako wa mabati ulichukua wapi?"

Akajifanya anatafuta muhuri.

"Jina lako liko kwenye ubao wa wakopaji kule ng'ambo, la tatu kutoka juu. Kumbe ikiwa shingo yako, unajua hesabu."

Mkwe akaweka kalamu chini, akaanza kuokota maharage. Moja likaangukia kwenye kiatu cha afisa; mkwe akainama kulifuata.

"Hilo mwachie," nikamwambia. "Tutamlipisha riba mwaka mzima, hata akilirudisha kesho."

Kisha nikaomba fomu ya kutoa hisa zangu.