Mguu wa Breki

Siku ugonjwa wa Castory ulipojionyesha, Yunisi alikuwa amepiga goti ubavuni mwa gari, kashika mpini mrefu wa spana, anamsubiri mumewe akanyage breki.

Gari lenyewe lilikuwa la mashindano, rangi ya majivu, milango miwili, limelala chini kiasi kwamba mbuzi wa jirani waliweza kuchungulia ndani bila kuinua shingo. Castory alilinunua Dar es Salaam likiwa limegongwa ubavu mzima, kwa mtu aliyekwisha kulikatia tamaa. Akalipandisha kwenye lori mpaka Katubuka, Kigoma, akalijengea banda la mabati nyuma ya nyumba, na kila jioni akitoka kwenye gereji yao ya Rusimbi alikuwa huko, na taa kichwani, analiunga kipande kwa kipande. Watu wa mtaani walicheka sana. Waliacha kucheka siku walipolisikia likiwaka.

Magari mengi gurudumu hushikwa na nati nne au tano. Hili kila gurudumu lilishikwa na nati moja tu, nene kama kikombe cha uji, iliyokaa katikati. Mashindanoni nati moja inaokoa muda. Lakini ukiikosea hakuna ya pili ya kusaidia. Gurudumu linakuaga barabarani na wewe umo ndani. Kwa hiyo kazi ile ilikuwa na utaratibu wake, na Castory hakuruhusu mtu auruke. Nati nyekundu ni za kushoto, bluu za kulia, maana moja hukazwa kwa kuzungushwa huku na nyingine kule. Vuta kwanza kipini kinachoizuia nati. Fungua, toa gurudumu, futa vumbi, paka grisi kwenye nyuzi, rudisha gurudumu matundu yakutane na vishikizo vyake. Ianzishe nati kwa mkono, usiianzishe kwa spana. Kaza mpaka spana ya kipimo ilie tak, legeza kidogo, kaza tena mpaka ilie tak. Mwisho tia kidole katikati uhakikishe kipini kimerudi mahali pake.

Nguvu inayohitajika ni kubwa mno, na gari likiwa juu ya jeki gurudumu linazunguka tu. Ndiyo maana lazima watu wawe wawili. Mmoja anavuta spana, mwingine amekaa kwenye usukani, amekanyaga breki kwa uwezo wake wote.

Yunisi ndiye aliyevuta. Alikuwa binti wa fundi pancha wa Ujiji. Alikua katikati ya matairi, na Castory alimpata hukohuko, alipokuwa akipeleka matairi ya Fuso kuzibwa na kukaa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Walipoanza kwenda kwenye mashindano, Mwanza, Morogoro, popote walipoalikwa, watu walikusanyika kumtazama mwanamke aliyevaa ovaroli, kajifunga kitenge kichwani, anavyobadilisha magurudumu kabla madereva wengine hawajamaliza kunywa maji. Hakuwa akikimbia. Castory alimwambia tangu mwanzo, "Usikimbie. Fuata mpangilio, usirudie kitu mara mbili. Inatosha." Kisha alikaa pale kwenye kiti, mguu kwenye breki, anamtazama kwenye kioo cha pembeni, na Yunisi akimaliza alipiga bati mara moja kwa kiganja, naye anaondoka.

Siku ile walikuwa nyumbani tu, wanafanya mazoezi. Yunisi akavuta spana na gurudumu likazunguka pamoja nayo. Spana ikamponyoka, akaangukia kiwiko.

"Kanyaga," alisema.

"Nimekanyaga."

Akadhani ni utani. Akavuta tena, gurudumu likazunguka tena. Akainuka, akachungulia dirishani. Castory alikuwa ameweka mikono yote miwili juu ya goti la kulia, anausukuma mguu wake chini, kama mtu anayezamisha kitu majini na kitu hakitaki kuzama. Jasho lilikuwa linamtoka. Walitazamana.

"Umekufa ganzi," Castory alisema. "Nilikaa vibaya."

Yunisi akasema ndiyo, itakuwa hivyo. Wakafunika gari, wakaenda kula.

Ganzi haikuisha. Mwezi uliofuata alianza kuburuta mguu, kisha akashika fimbo. Hospitali ya mkoa ikawaandikia waende ya rufaa, na huko wakaonyeshwa picha ya uti wa mgongo wenye uvimbe mahali ambapo kisu kisingefika bila kuharibu zaidi. Daktari aliwaeleza taratibu, kwa heshima, na hakuna alichowaficha. Walirudi Kigoma kwa basi. Njia nzima Castory alimwekea Yunisi mkono begani, na Yunisi hakujua kama anambembeleza au anajishikilia.

Alipofikia kwenye kiti cha magurudumu, aliomba asukumwe mpaka bandani. Akamtaka Yunisi alipandishe gari juu ya magogo na kuyatoa magurudumu, ili matairi yasife kwa kukaa. Siku hiyo breki ilikanyagwa na kijana wa bodaboda aliyekuwa akipita. Castory alitazama kazi yote. Usiku alimwambia mkewe, "Nikiondoka, mtafute mtu wa kuliendesha. Asiwe wa kuliweka. Na usingoje sana."

Alifariki kabla ya mvua za vuli. Walimzika Ilagala, kwao, kwenye shamba la michikichi la baba yake.

Yunisi alingoja. Magurudumu manne yalikaa chumbani kwake, yamepangwa kando ya kitanda na kufunikwa shuka, na kila asubuhi alipoamka ndiyo aliyoyaona kwanza. Walikuja watu wawili kuulizia. Wa kwanza alitaka kuliegesha mbele ya hoteli yake. Wa pili alitaka injini tu. Aliwakaribisha chai, akawarudisha walikotoka. Zaidi ya mwaka ulipita ndipo akampigia simu mtu anayeitwa Nyabenda, aliyekulia kwenye makazi ya wakimbizi ya Mishamo kwa wazazi waliotoka Burundi, sasa anaishi Dodoma. Huyu alikuwa amewahi kushindana na Castory na kushindwa naye. Hakuuliza habari za bei kwanza. Alisema, "Pole, dada. Nilimwona akipita kwenye kona moja nikajua siwezi kumfikia. Ukiniuzia nitaliendesha."

Siku aliyoahidi kuja ilikuwa Jumapili. Ukoo uliona si vizuri mali ya marehemu itoke bila mtu wao kuwepo, na aliyekuja alikuwa mama yake Castory, Skolastika. Yunisi alipomwona anafungua geti na kikapu chake mkononi, moyo ulimshuka. Tangu mazishi walikuwa hawajazungumza zaidi ya salamu. Mama yule hakulipenda gari tangu siku ya kwanza, wala hakuwahi kuligusa. Msibani alisema mbele ya watu kwamba ndilo lililommaliza mwanawe, kwa kumkalisha chini vile na kumbana kiuno.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mwakeye, umeamkaje?" Akaketi kwenye stuli ya jikoni. "Huyo mtu anakuja saa ngapi?"

"Mchana."

"Na wewe mbona umevaa hivyo?"

Yunisi alikuwa na ovaroli. Alieleza kwamba anataka kuyarudisha magurudumu kabla mgeni hajafika, ili alikute gari limesimama lenyewe. Hakutaka mtu aliyemfahamu Castory barabarani alikute juu ya magogo.

Yunisi akayabingirisha magurudumu, moja moja, kutoka chumbani mpaka bandani. Akafuta, akapaka grisi, akayapachika yote manne gari likiwa bado juu ya magogo, nati zikikaa kwa mkono tu. Kisha akafika mahali ambapo mtu mmoja hawezi. Alitoka getini, akatazama barabara. Wakristo walikuwa ibadani, bodaboda wote wameshuka soko la Mwanga. Akarudi bandani.

"Unatafuta nani?" Skolastika aliuliza.

"Mtu wa kukanyaga breki."

"Kwa nini?"

Yunisi akaeleza. Na alipokuwa akieleza akajikuta amefika kwenye siku ile gurudumu lilipozunguka, Castory akiwa amelikandamiza goti lake kwa mikono miwili. Hakuwahi kumwambia mtu jambo hilo. Alisimulia akitazama sakafu ya banda.

"Kumbe ni hapo ugonjwa ulipoanza," mama alisema.

"Ni hapo, mama. Gari halikumfanya kitu. Gari ndilo lililotuambia."

Skolastika alivua kandambili. Alikuwa ametumia maisha yake kuzungusha mashine ya kukamua mawese, kifua kwenye mti, akisukuma kwa miguu mduara uleule mwaka baada ya mwaka, na mashavu ya miguu yake yalikuwa magumu kama ya kijana. Akafungua mlango wa gari. Ilibidi ainame sana, ajishike hapa na pale, na mwisho ajiachie tu akatua kitini kwa mguno.

"Ni kipi?"

"Hicho cha katikati. Kanyaga usiachie mpaka niseme."

"Haya. Vuta."

Yunisi akavuta. Gurudumu halikutikisika hata kidogo. Spana ililia tak, akalegeza, akakaza tena, ikalia tak. Akatia kidole kwenye kipini, kilikuwa mahali pake. "Achia, mama." Akahamia la pili. Kutoka ndani hapakusikika sauti isipokuwa pumzi ya mtu anayefanya kazi nzito, na kwenye gurudumu la tatu Yunisi alipoinua macho kwenye kioo cha pembeni, aliuona uso wa mama mkwe wake umelowa machozi mpaka shingoni, na bado amekanyaga, wala hajainua mkono kuyafuta.

Hakusimama. Alijua akisimama hataimaliza kazi ile. Akakaza la tatu, akakaza la nne, akainua gari kwa jeki, akatoa magogo, akalishusha, na gari likakaa chini kwa uzito wake.

Skolastika hakutoka mara moja. Aliushika usukani.

"Mtoto wangu alikuwa anaona nini kutoka humu?"

"Barabara tu, mama. Alisema haoni kitu kingine."

"Mwana wanje, mwanangu," mama alisema, na Yunisi hakujua kama amemwambia yeye au marehemu. Kisha akanyoosha mkono ili avutwe, na Yunisi akamvuta, na kwa kuwa gari lilikuwa chini sana walijikuta wamekumbatiana kabla hawajapata nafasi ya kufikiri kama wanataka.

Nyabenda alifika na dereva wake kwenye pikapu. Alikuwa mtu mrefu, mnyamavu, aliyevua kofia getini na kwenda kumpa mkono mama kwanza. Alilizunguka gari, akapiga goti akatazama kila nati, akagusa moja kwa kidole. Hakuuliza nani aliyezifunga. Yunisi akampa spana ya kipimo na soketi yake kubwa, kwa kuwa bila hivyo vitu magurudumu yale hayafunguki. Injini ikawaka, mbuzi wakakimbia, na gari likatoka getini polepole, likakunja kushoto. Walilisikia muda mrefu hata walipokuwa hawalioni tena.

Ni hapo Yunisi alipokumbuka kwamba hakumwambia jambo moja. Magurudumu yakishatembea kidogo, nati hupimwa tena. Akampigia. Nyabenda alipokea akiwa Kasulu, jioni.

"Nalijua hilo, dada, lakini umefanya vizuri kunikumbusha. Subiri, usikate."

Yunisi akasikia mlango, hatua, sauti ya dereva ikisema nimekanyaga. Halafu chuma kikagusa chuma. Tak. Wakahama. Tak. Akasikiliza mpaka la nne.

"Hakuna iliyosogea," Nyabenda alisema. "Asante. Lala salama."

Skolastika alikuwa mekoni, ametoa mihogo kikapuni na kuibandika pamoja na dagaa. "Wamefika wapi?"

"Kasulu."

"Na gari?"

"Zima."

Mama akaitikia kwa kichwa, akakoroga chungu. Yunisi alibaki ameshika simu mpaka kioo chake kikazimika. Msibani hakulia, watu walimsifu kwa ujasiri, naye aliwaacha wasifu. Sasa kilio kilimtoka kwa sauti, kama cha mtu aliyepata habari dakika hiyohiyo. Skolastika aliupunguza moto, akaja akaketi naye sakafuni, wala hakumwambia anyamaze.